Kiti cha Pikipiki na Afya ya Mgongo: Somo kwa Wanaosafiri Mbali



Somo la toleo hili linakuhusu wewe unayebeba abiria kwa pikipiki jijini Kigali kutwa nzima. Linakuhusu pia wewe mhudumu wa afya unayepeleka dawa vijijini kwa pikipiki, na wewe abiria unayetoka kambini Mahama, Kiziba au Kigeme kwenda hospitali, sokoni au kuwaona ndugu.

Watu wengi huyachukua maumivu ya makalio na kiuno kuwa sehemu ya kazi. Wengine humeza vidonge vya maumivu kila jioni ili kesho waweze tena kutafuta hesabu ya mwenye pikipiki. Lakini sehemu kubwa ya maumivu hayo inaweza kupunguzwa kwa kutengeneza kiti na kubadili namna ya kukaa. Na yako maumivu machache ambayo si ya kiti hata kidogo: ni dalili ya ugonjwa ambao mtu akiuchelewesha anaweza kubaki mlemavu. Ni lazima ujue kuyatofautisha.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kueleza kwa nini kiti kinaumiza;
- kukipima kiti chako mwenyewe bila gharama;
- kumwelekeza fundi namna ya kukitengeneza;
- kukaa na kupumzika vizuri safarini;
- kutambua dalili zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo.

1. KWA NINI KITI KINAUMIZA?

Kaa juu ya mikono yako miwili, viganja vikiangalia juu. Utasikia mifupa miwili inayobonyeza viganja. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia. Ukiwa kwenye pikipiki, uzito mwingi wa mwili wako hushuka kwenye sehemu hizo mbili ndogo. Nyama na ngozi vilivyo kati ya mfupa na kiti hubanwa, mishipa midogo ya damu hufungwa, na sehemu hiyo hukosa damu ya kutosha. Kwanza unasikia joto, kisha maumivu, kisha ganzi. Maumivu ni mwili unaokuambia: sogea.

Mtu mzima mwenye afya husogea bila kufikiri. Aliyepooza miguu hasikii onyo hilo, ndiyo maana anaweza kupata kidonda kirefu makalioni kwa kukaa tu. Watu hao hufundishwa kuinua mwili kutoka kwenye kiti kila baada ya dakika 15 hadi 30. Hata wewe unayetembea unaweza kujifunza kutoka kwao.

Jambo la pili ni kuteleza. Kigali ni mji wa vilima. Ukiteremka kutoka mjini kati kwenda Nyabugogo huku ukishika breki, mwili wako unateleza mbele hadi kwenye tangi. Abiria naye anakuja mgongoni kwako. Unajisukuma nyuma kwa mikono, halafu unateleza tena. Kusuguliwa huku huchubua ngozi, na mapaja na mikono huchoka kwa kujizuia.

Jambo la tatu ni mtikisiko. Barabara za mawe na za udongo katika mitaa mingi hutikisa pikipiki, na mtikisiko hupanda kupitia kiti hadi kwenye uti wa mgongo. Mwili wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Hapo mgongo hautikiswi tu, bali huzidisha mtikisiko wenyewe. Vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo hubanwa na kuachiliwa maelfu ya mara kwa siku. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona hatari hiyo na mwaka 2002 zikatoa sheria ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya mtikisiko wa mwili mzima.

Tatizo hili si geni. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, makumi ya maelfu ya askari wa Marekani walilazwa kwa majipu yaliyotokea juu kidogo ya mfereji wa makalio. Wengi walikuwa wamesafiri kwa magari ya jeep kwenye njia mbovu, na ugonjwa huo ukapewa jina la gari hilo. Askari wale walikuwa vijana wenye nguvu. Basi usimcheke kijana anayelalamika kwamba kiti kinamuumiza.

2. KIPIME KITI CHAKO

Vipimo hivi vinne huchukua dakika tano.

a) Kipimo cha ngumi. Bonyeza kwa nguvu mahali unapokalia kwa ngumi yako. Ukisikia ubao au plastiki ya chini, sponji imekwisha. Linganisha na sehemu ya mbele ya kiti ambayo haikaliwi sana. Hapo utaona tofauti ya zamani na sasa.

b) Kipimo cha mteremko. Weka pikipiki wima kwenye sakafu iliyo sawa, wewe ukiwa juu yake. Kama unateleza mbele hata kabla ya kuondoka, kiti kimeinamia tangi.

c) Kipimo cha upana. Mifupa yote miwili ya kukalia iwe juu ya kiti. Kama kiti ni chembamba kiasi kwamba uzito unaangukia katikati ya mapaja, utapata ganzi sehemu za siri.

d) Kipimo cha maji. Baada ya mvua, futa kiti kwa kitambaa kikavu kisha kikalie kwa dakika moja. Kama maji yanatoka kwenye mshono, sponji imeloa ndani. Sponji iliyoloa huoza haraka, na ngozi yako hukaa kwenye unyevu siku nzima.

3. KUKITENGENEZA KITI

Wengi hudhani dawa ni kuongeza sponji laini. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sponji laini sana inapendeza unapoijaribu kwa fundi, lakini baada ya nusu saa imelala chini na mifupa yako imefika kwenye ubao. Sponji nzuri ya kiti inatakiwa kukataa kidogo unapoibonyeza, kisha irudi juu mara moja.

Jijini Kigali mafundi wa viti na wauza sponji wapo sehemu nyingi, hata kwenye soko la mafundi la Gisozi. Ukienda kwa fundi mwambie hivi:

1. Afungue gamba la juu bila kulichana, aondoe sponji iliyokufa mahali pa kukalia tu. Sponji ya pembeni ikiwa nzima ibaki.
2. Aweke chini sponji ngumu, ile iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja. Unene wa sentimeta 4 hadi 5 unatosha.
3. Juu yake aweke tabaka jembamba la sponji laini zaidi, sentimeta 1 au 2, ili kuondoa kona kali.
4. Mahali pa dereva pawe sawa, au pawe na kibonde kidogo kisichomwacha ateleze mbele. Kati ya dereva na abiria pawe na kituta kidogo.
5. Kingo za mbele, zinapogusa mapaja, zikatwe mviringo.
6. Kabla ya kufunga, sponji ifunikwe kwa nailoni nyembamba ili mvua isiingie. Mshono usipite mahali mifupa inapokaa.

Kabla ya kulipa, kaa juu ya kiti kwa dakika kumi na tano, si dakika moja. Hakikisha pia nyayo zako zinafika chini. Kiti kilichoinuliwa mno kinaweza kukuangusha unaposimama kwenye mlima na abiria nyuma.

Je, kama huna fedha za fundi? Unaweza kufunika kiti kwa ngozi ya kondoo yenye manyoya, ambayo hupunguza msuguano na kupitisha hewa. Au kunja blanketi kuukuu liwe tambarare, ulifunge kwa kamba za mpira pande zote mbili. Chochote utakachoweka kisiteleze. Kitambaa kinachohama kwenye kona kinaweza kukuua.

Usitengeneze mto wenye tundu katikati kama pete. Watu huupenda kwa sababu mahali panapouma hapagusi kitu, lakini ukingo wa pete hubana ngozi kwa mzunguko na kupunguza damu inayofika katikati. Wahudumu wa afya waliacha kuushauri kwa wagonjwa wenye vidonda vya makalio.

Kumbuka pia kwamba kiti hakifanyi kazi peke yake. Chini yake kuna shokomzoba na magurudumu. Bonyeza nyuma ya pikipiki kwa mikono miwili na uachie: ikiruka-ruka zaidi ya mara moja, au ukiona mafuta yanavuja kwenye shokomzoba, hiyo imechoka. Upepo wa magurudumu uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji. Ukizidisha, kila jiwe litakupiga mgongoni. Ukipunguza, pikipiki itayumba.

Na pikipiki za umeme je? Zimeonekana Kigali tangu mwaka 2019, na zinazidi kuongezeka. Hazina mtetemo wa injini ya petroli, na hilo ni nafuu kwa mikono na makalio. Lakini shimo la barabarani ni lile lile, na kiti kibovu ni kibovu hata juu ya betri. Faida moja unayo: kila unapobadilisha betri unalazimika kusimama. Usibaki umekaa. Shuka, tembea, nyoosha mwili.

4. NAMNA YA KUKAA

- Kaa juu ya mifupa miwili ya kukalia, si juu ya kifandugu, yaani ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Anayekaa kwa kujikunja kama mwenye usingizi hukalia kifandugu.
- Inamisha mwili mbele kidogo kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Usijikunje tumboni.
- Bana tangi kwa magoti unapoteremka. Magoti yakizuia mwili, makalio hayatelezi na mikono haichoki.
- Weka uzito kidogo kwenye nyayo. Unapoona shimo au tuta, punguza mwendo kwanza, kisha kandamiza vikanyagio ili makalio yapungukiwe uzito. Miguu yako ndiyo shokomzoba bora kuliko zote.
- Usiweke pochi, simu au funguo kwenye mfuko wa nyuma. Kitu hicho huinamisha nyonga upande mmoja na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.
- Kwenye taa nyekundu, weka miguu chini na uinue makalio kidogo. Katika mji wenye taa nyingi kama Kigali, utakuwa umepumzisha nyama mara nyingi kwa siku bila kupoteza hata senti.

Kwa safari ndefu, kwa mfano kutoka Kigali kwenda Huye, ambayo ni zaidi ya kilometa 120, au njia ya Kayonza kuelekea Kirehe, simama kila baada ya dakika 45 hadi saa moja. Shuka kabisa. Tembea dakika tano, weka mikono kiunoni na ujinyooshe nyuma mara tano, kisha chuchumaa mara tano. Kunywa maji. Wengine hawanywi maji ili wasisumbuliwe na haja ndogo njiani. Hiyo ni hasara: choo kinakuwa kigumu, na kwa mtu anayekaa kutwa, choo kigumu huzidisha bawasiri.

5. NGOZI YA SEHEMU ZA KUKALIA

Jasho, joto na msuguano huleta magonjwa ya ngozi kwenye mapaja na makalio. Vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana na isiyo na mshono mnene. Ukinyeshewa, badilisha mara ufikapo. Oga kila jioni na ujikaushe vizuri, hasa kwenye mikunjo.

Mwasho wenye alama ya duara au ukingo uliochomoza mara nyingi ni fangasi. Usipake krimu za kung'arisha ngozi au krimu za mchanganyiko zinazouzwa sokoni bila maelekezo. Nyingi zina dawa ya steroidi: mwasho hupungua kwa siku chache, lakini fangasi huenea chini kwa chini. Nenda kituo cha afya upewe dawa yake.

Uvimbe wenye maumivu juu ya mfereji wa makalio usiukamue. Unaweza kuwa jipu lililofika ndani, nalo linahitaji kupasuliwa kwa usafi.

6. ABIRIA, WAJAWAZITO NA WAGONJWA

Nchini Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na kofia ngumu ni lazima kwa wote wawili. Wewe abiria, weka nyayo kwenye vikanyagio vyako, si zining'inie, na ushike mpini wa nyuma kwenye mteremko. Usibebe mzigo mzito mgongoni, kwa kuwa uzito wake wote hushukia pingili za kiuno.

Mama mjamzito ambaye mimba ni kubwa atafute gari kila inapowezekana, kwa sababu uzani wa mwili umebadilika na kuanguka ni hatari kwake na kwa mtoto. Mwenye uchungu wa kuzaa, anayetokwa damu, au aliyeumia mgongo baada ya ajali asipandishwe pikipiki kamwe. Mkiwa kambini, mwiteni mhudumu wa afya wa eneo lenu. Popote nchini, namba ya simu ya gari la wagonjwa ni 912.

7. MAUMIVU YA KAWAIDA NA DALILI ZA HATARI

Kuna imani kwamba kila maumivu ya kiuno kwa mwendesha pikipiki ni figo. Wengi hununua dawa za figo miaka na miaka. Jipime hivi: maumivu ya misuli na mgongo hubadilika unaposogea, huzidi jioni, na hupungua ukipumzika. Ugonjwa wa figo kwa kawaida haujali umekaaje. Ukiambatana na homa, kutetemeka, maumivu wakati wa kukojoa au damu kwenye mkojo, nenda ukapimwe.

Kuhusu vidonge: dawa kama diclofenac na ibuprofen zikimezwa kila siku huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tramadol huleta usingizi na mazoea mabaya, anayeitumia asiendeshe. Kidonge kinanyamazisha onyo, lakini kiti kinaendelea kukuumiza.

Nenda kituo cha afya wiki hiyo kama:
- ganzi ya makalio au sehemu za siri inachukua zaidi ya saa moja kuisha baada ya kushuka;
- maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti;
- kuna damu kwenye choo. Usijiambie tu ni bawasiri, acha mtaalamu akuangalie;
- maumivu ya mgongo hayapungui baada ya wiki mbili au tatu za kubadili kiti na mkao;
- maumivu ya mgongo yanakuja na homa za jioni, kikohozi au kupungua uzito. Kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo.

NENDA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO, USIKU AU MCHANA, kama una maumivu ya mgongo pamoja na mojawapo ya haya:
- ganzi katikati ya mapaja, yaani sehemu yote inayogusa kiti, isiyoondoka ukisimama;
- mkojo hautoki, au unatoka bila wewe kujua;
- choo kinatoka bila kujizuia;
- miguu yote miwili inaishiwa nguvu.

Dalili hizo zinaonyesha kwamba mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo imebanwa. Tiba yake ni upasuaji wa haraka, na saa zina maana. Aliyewahi mapema ana nafasi ya kutembea na kujizuia haja zake. Aliyengoja hadi mwisho wa wiki, au aliyekwenda kwanza kukandwa mgongo, huenda asipate tena nguvu hizo. Usione aibu kumwambia mganga habari za mkojo na sehemu za siri. Neno hilo moja ndilo litakalomfanya akupeleke mbele bila kuchelewa.

MASWALI YA MARUDIO

Someni maswali haya kwa pamoja katika kikundi chenu, kisha mjibu kabla ya kuangalia majibu.

1. Kwa nini sponji laini sana haifai?
2. Mwenzako ana mto wenye tundu katikati. Utamshauri nini?
3. Dereva anateleza mbele kila anapoteremka. Taja mambo mawili ya kufanya.
4. Jirani yako, mwendesha pikipiki, anasema mgongo unamuuma na tangu asubuhi hajaweza kukojoa. Amepanga kwenda kituo cha afya Jumatatu. Utafanya nini?

Majibu:
1. Hulala chini na mifupa hufika kwenye ubao.
2. Auache, ukingo wake hupunguza damu inayofika katikati. Afadhali sponji ngumu iliyo tambarare.
3. Kumwambia fundi asawazishe mahali pa dereva, na kubana tangi kwa magoti.
4. Usimwache angoje. Mpeleke hospitali leo, kwa gari na si kwa pikipiki yake. Piga 912 kama hakuna usafiri.

KAZI YA WIKI HII: Kipime kiti cha pikipiki yako kwa vipimo vinne vya sehemu ya 2. Kisha mpimie na mwenzako mmoja wa kijiweni.